Puto la maporomoko, jaketi okozi au suti ya kuelea: lipi litakushika barafu ikivunjika chini ya pikipiki ya theluji?

Namba 150 imeandikwa kwenye vifaa viwili ambavyo mwendesha pikipiki ya theluji huvikuta vimetundikwa karibu karibu. Kwenye begi la mgongoni lenye puto la maporomoko ya theluji, 150 ni lita, yaani ujazo wa puto likishafumuka. Kwenye jaketi okozi la kujaza gesi, 150 ni nyutoni, yaani nguvu ya kumwinua mtu majini. Ukivipima kwa kipimo kimoja, puto linashinda kwa mbali. Lita moja ya hewa iliyozamishwa huinua kwa karibu nyutoni 10, kwa hiyo puto la lita 150 likizama lote lingeinua kwa takriban nyutoni 1,500, mara kumi ya jaketi. Na mtu mzima, hata akiwa na buti, helmeti na makoti, anahitaji sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo ili mdomo wake ubaki juu ya maji.

Hapo ndipo wazo linapozaliwa. Mlimani nimeshavaa begi la puto kwa ajili ya maporomoko. Njia yangu inakatiza ziwa lililoganda. Kwa nini nibebe kitu kingine tena? Barafu ikikatika nitavuta kishikio, nitaelea. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Kinachosahaulika ni hewa ya kujaza hizo lita 150: inatoka wapi, na inaingia saa ngapi?

Hewa inatoka wapi

Puto hili lilizaliwa msituni. Miaka ya 1970 mtunza misitu wa Bavaria, Josef Hohenester, aligundua kwamba alipokuwa amebeba windo mabegani, poromoko lilimchukua bila kumfukia. Peter Aschauer akalichukua wazo hilo, na mwaka 1985 begi la kwanza la kampuni yake ya ABS likaingia sokoni. Siri yenyewe unaweza kuiona ukitikisa ndoo ya mchanga wenye kokoto: kokoto hupanda juu, mchanga hushuka. Theluji inayoporomoka ni mkusanyiko wa mabonge na chembe zinazogongana, na kitu kikubwa zaidi husukumwa juu. Puto humfanya mtu awe kokoto kubwa. Wepesi wake unasaidia, lakini kazi kubwa hufanywa na ukubwa.

Majini hakuna kokoto wala mchanga. Huko inatawala kanuni ya Archimedes peke yake: unainuliwa kwa uzito wa maji uliyoyasukuma pembeni, basi. Kanuni hiyo haijali puto lilitengenezwa kwa ajili gani, ila inadai liwe limejaa hewa.

Sasa fungua begi uangalie ndani. Mifumo ya mtungi ina kichupa kidogo cha hewa au naitrojeni iliyoshindiliwa, mingine hadi baa 300 (baa ni kipimo cha mgandamizo). Gesi hiyo peke yake haitoshi kujaza puto. Inapofyatuka hupita kwenye tundu jembamba, na mwendo wake mkali hufyonza hewa ya nje iingie nayo. Mafundi huiita venturi. Sehemu kubwa ya lita 150 hutoka kwenye hewa iliyokuzunguka. Mifumo ya umeme ndiyo kabisa: JetForce ya Black Diamond, iliyoingia sokoni mwaka 2014 na puto la lita 200, hutumia feni na betri, na Alpride E1 hutumia feni inayoendeshwa na kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme. Feni haina akiba yoyote ya hewa. Inavuta kilichopo mlangoni mwake.

Ukivuta kishikio begi likiwa limeshazama, kilichopo mlangoni ni maji. Puto litapata gesi kidogo ya mtungini, pengine pamoja na maji yaliyofyonzwa, na kwa feni unaweza usipate kitu. Puto lenye maji ndani halikuzamishi, kwa kuwa maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuvuta, ila halikuinui, na wakati utakapojaribu kupanda juu ya barafu utaburuta shehena.

Kwa hiyo faida ya nyutoni 1,500 ipo kwa masharti: uvute ungali hewani, au angalau mgongo wako ukiwa bado juu ya maji. Barafu inapokatika chini ya pikipiki inayotembea, muda huo ni sekunde chache, na mikono yako yote miwili iko kwenye usukani, ndani ya glavu nene, mara nyingi ndani ya mifuko ya kukinga upepo.

Mkono unaotakiwa kuvuta

Wako watu waliozoezwa kuvuta kishikio na bado hawakukivuta. Utafiti wa Pascal Haegeli na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Resuscitation, ulipitia ajali za maporomoko na kukuta kwamba asilimia 20 ya maputo hayakujaa. Asilimia 60 ya hayo yalishindwa kwa sababu mwenyewe hakufanikiwa kulifyatua. Utafiti huo huo ulionyesha pia kwamba puto lililojaa lilipunguza vifo vya waliozolewa na maporomoko kutoka asilimia 22 hadi 11. Kwa theluji, basi, kifaa hiki kina sifa yake na kimeistahili.

Majini mkono una shida zaidi. Maji ya nyuzi chache juu ya sifuri hukupiga kwa mshtuko: unavuta pumzi kubwa bila kutaka, kisha unahema ovyo. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amekuwa akifundisha kanuni ya 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za mikono na miguu kuwa na nguvu ya maana, saa 1 kabla ya baridi kukupotezea fahamu. Waswahili husema mfa maji hukamata maji. Katika ile dakika ya kwanza mikono hukamata chochote kilicho mbele, usukani, ukingo wa barafu, maji yenyewe. Kishikio kilichofichwa kwenye mkanda wa bega ni kitu cha mwisho kufikiriwa.

Linganisha na sponji. Jaketi okozi la sponji, ama koti la kuelea, halingojei amri. Umezirai, umevunjika mkono, umechanganyikiwa, lenyewe limeshaanza kazi. Kama ningelazimishwa kuchagua sifa moja tu ya kifaa cha majini kwa mwendesha pikipiki, ningechagua hiyo, na nyutoni zingefuata baadaye.

Kinakuelekeza wapi

Jaketi okozi la nyutoni 150 limepangwa kwa makusudi: mzigo mkubwa wa hewa uko kifuani na shingoni, ili aliyepoteza fahamu ageuzwe uso juu. Kiwango cha ISO 12402 kinapima jambo hilo, pamoja na mdomo kuwa juu ya maji kiasi gani. Puto la maporomoko hupimwa kwa EN 16716, kiwango cha mwaka 2017, na maji hayamo humo. Hewa ya puto iko mgongoni na nyuma ya kichwa. Wazamiaji wanaotumia vizibao vyenye hewa mgongoni wanaijua tabia hiyo: ukifika juu ya maji, hewa iliyo nyuma hukusukuma uinamie mbele. Aliye macho hujilaza chali na kulifanya puto godoro. Aliyezirai hawezi kujilaza. Maputo yanayozunguka shingo na kuja hadi kifuani, kama mtindo wa zamani wa kampuni ya Snowpulse, yana nafuu hapo, lakini mengi yanayouzwa ni ya nyuma tu.

Halafu kuna mkanda wa mapajani. Wapo wanaouacha ukining'inia kwa kuwa unasumbua kupanda na kushuka kwenye pikipiki. Puto likipanda kwa nguvu ya nyutoni mamia na mkanda haujafungwa, litapanda peke yake na kukuacha wewe chini ya mikanda ya mabega, mikono ikiwa juu. Hili ni kweli hata kwenye theluji. Majini linakuja haraka zaidi.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii: puto la JetForce hujitoa hewa lenyewe baada ya dakika 3. Kwenye poromoko ni ubunifu mzuri sana, kwani linapopungua huacha nafasi ya hewa kwa aliyefukiwa. Ziwani, dakika ya tatu ndiyo kwanza umemaliza kutuliza pumzi na unaanza kupiga miguu, na boya lako linakuaga. Maputo mengine hubaki yamejaa kwa muda mrefu zaidi, ila hakuna anayekudai yakae saa nzima, kwa sababu poromoko haliendi saa nzima.

Na ukingo wa barafu? Kutoka kwenye tundu unalala kwa tumbo, unapiga miguu kama muogeleaji, unajivuta kwa viwiko au misumari ya mkononi ya kuchoma barafu, kisha unajiviringisha kuelekea ulikotoka, ambako barafu ilikuwa imekubeba. Puto la nyuma haliko kati yako na barafu, na hiyo ni nafuu kuliko mifuko miwili minene ya jaketi la gesi inayokuzuia kulaza kifua. Lakini kama ulisukumwa chini ya barafu kabla ya kuvuta, nguvu yoyote ya kuelea itakubandika kwenye dari, na kubwa itakubandika zaidi.

Jaketi la gesi nalo lina dhambi zake

Nisionekane nimelionea puto. Jaketi okozi la gesi limetengenezwa kwa maji, lakini si lazima liwe limetengenezwa kwa maji yaliyozungukwa na theluji. Mtungi wake una kaboni dayoksaidi, ambayo mgandamizo wake hutegemea joto: kwenye nyuzi 20 za Selsiasi ni karibu baa 57, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri ni karibu baa 20. Jaketi litajaa taratibu, tena kwa gesi iliyopoa. Mtungi hubeba gesi yake yote ndani, kwa hiyo hata ukizama hufanya kazi; hapo linalipita puto moja kwa moja. Lina pia mrija wa kupuliza kwa mdomo, kama una pumzi ya kupuliza.

Aina inayojifyatua yenyewe inavutia mpaka theluji mbichi ikuingie shingoni siku nzima. Zile zenye kidonge kinachoyeyuka kwa maji zinaweza kufyatuka kwa unyevu tu. Zile zinazongoja mgandamizo wa maji yenye kina ni bora kwa kazi hii. Na kuna kosa moja baya: kulivaa chini ya koti lililofungwa, au chini ya mikanda ya begi. Likijaa humo halina pa kwenda ila kifuani mwako. Ndiyo sababu begi la puto na jaketi la gesi havivaliki pamoja vizuri. Mshika mbili, moja humponyoka.

Kizibao cha sponji hakina matatizo hayo. Marekani cha kawaida cha mtu mzima huinua kwa ratili 15.5, karibu nyutoni 70. Ulaya kipo cha nyutoni 50 kwa anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Namba ndogo, lakini ipo muda wote. Huko Grantsburg, Wisconsin, ambako tangu 1977 watu hushindana kuendesha pikipiki za theluji juu ya maji matupu wakati wa kiangazi, injini ikizima pikipiki inazama na dereva anabaki juu. Wanaozama kwa mpango, yaani wanaojua kabisa kwamba leo inaweza kuzama, huingia na jaketi okozi. Nadhani hiyo inasema kitu.

Suti ya kuelea

Koti na suruali vyenye tabaka la sponji ndani havina mvuto wa kiteknolojia. Hakuna kishikio, hakuna mtungi, hakuna betri ya kuchaji. Sponji imetandazwa mwili mzima, kwa hiyo miguu nayo inaelea, na mtu mwenye miguu inayoelea ameshafika nusu ya ile hali ya kulala kwa tumbo inayotakiwa kutoka kwenye tundu. Hakuna uvimbe unaokwama kwenye ukingo. Sponji hupunguza pia kasi ya baridi kuingia mwilini. Angalia lebo lakini: nyingi zinauzwa kama nguo za kusaidia kuelea, hazikuthibitishwa kuwa jaketi okozi, na hazikuahidi kumgeuza aliyezirai.

Kasoro yake kubwa iko mlimani. Anayechimbua pikipiki iliyofukiwa kwenye theluji laini mara tano kwa asubuhi moja atalowa jasho ndani ya suti hiyo, na jasho jioni ni baridi nyingine. Nawaelewa waendeshaji wa milimani wanaoikataa. Kwao kuna koti la kuelea peke yake bila suruali, juu ya nguo nyepesi, na begi la puto juu ya koti hilo. Viwili hivyo havigombani: sponji haivimbi, mikanda inafungwa kama kawaida, na kila kimoja kinabaki na kazi yake.

Suti isiyopitisha maji naitaja tu. Hukuweka mkavu, ambalo ni jambo kubwa, lakini kukufanya uelee ni kazi ya hewa iliyonaswa ndani au ya kizibao utakachovaa juu yake.

Kwa njia ipi, kipi

Kama safari zako ni maziwa na mito ya tambarare, puto ni mzigo usio na kazi. Chukua suti ya kuelea, misumari ya kujivutia, kamba ya kurusha, na mtu wa pili aliyekaa mbali nyuma yako. Idara ya maliasili ya Minnesota inataka barafu mpya, angavu, ya inchi 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji, yaani sentimeta 13 hadi 18 hivi. Barafu nyeupe yenye theluji ndani inahitaji unene maradufu. Toboa upime.

Kama unavuka ziwa ili ufike mlimani, hali ni ya mchanganyiko, na hapo ndipo puto linaweza kukufaa kwa bahati. Vaa koti la kuelea. Begi liwe limefungwa mikanda yote, wa mapajani ukiwemo, kishikio kikiwa tayari nje. Ukiona barafu inazama mbele yako na bado umekaa juu ya kiti, vuta wakati huo huo. Ukishaingia majini hadi shingoni, sahau kishikio, shughulika na pumzi. Usivae begi kwa mkanda wa bega mmoja ukidhani utalitupa haraka. Kilichofungwa nusu ndicho kinachonasa.

Vijito vya milimani ni habari tofauti. Maji mara nyingi hayafiki kifuani, hatari ni pikipiki kukuangukia, kichwa kugonga jiwe, au mkondo kukuburuta chini ya daraja la theluji. Puto la lita 150 kwenye mkondo mwembamba ni tanga. Linaweza kukuvuta mahali usipotaka na kukwama kwenye gogo. Huko mimi nisingevuta, isipokuwa juu yangu kuna mteremko unaotishia kuporomoka.

Wapo watakaolijaribu puto kwenye bwawa la kuogelea na kurudi na furaha: linaelea! Bila shaka linaelea. Maji ya uvuguvugu, mikono mitupu, kishikio kimevutwa ukiwa umesimama ukingoni. Jaribio hilo limethibitisha kanuni ya Archimedes, ambayo haikuwa na shaka. Na ukishalilowesha, lianike likiwa limefunguka hadi likauke kabisa kabla ya kulikunja. Kitambaa chenye unyevu kilichokunjwa huganda kikawa ubao, zipu ya mfuko wake hushikamana, na safari ijayo, kwenye theluji ambako kweli ulilihitaji, halitafumuka. Feni na betri zilizozama zirudi kwa fundi wake bila mjadala.

Kuhusu misumari ya kujivutia: iwe shingoni au mfukoni mwa kifua, nje ya koti. Nimeona picha nyingi za begi la puto lililopangwa vizuri, sepeto, kijiti cha kupimia theluji, na misumari ya barafu ikiwa imewekwa nadhifu ndani ya mfuko wa begi. Ukiwa kwenye tundu, mfuko huo uko nyuma ya kisogo chako, chini ya puto.